Shamba Kavu Lililoambiwa Linapasha Dunia Joto

Saa tatu asubuhi, Ubaruku wilayani Mbarali. Regina Maganga amepiga magoti kwenye kitalu chake cha mpunga. Anang'oa mche mmoja, anaupasua kwa kucha na kutazama ndani ya shina. Kuna kifundo.

"Umezeeka," anasema.

Jirani yake Veneranda, aliyesimama kwenye tuta, anacheka. "Mama Kulwa, miche yako sasa inataka pensheni."

Regina hacheki. Mche ukifunga kifundo kabla ya kupandikizwa, hautoi machipukizi ya kutosha. Majaruba, vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ili kushika maji, yaliyopaswa kuupokea yamepasuka kwa ukavu. Mfereji haujaleta maji tangu msimu uanze.

Kosa, anasema, ni lake. Baba yake, aliyehamia bonde hili la Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga, aliwafundisha wanawe kumwaga mbegu baada ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi. "Ukiona padri kavaa zambarau, loweka mbegu. Mvua ilikuwa haipishani na Kanisa. Safari hii zambarau imefika, nikaloweka. Mvua haikuja."

Regina, mwenye umri wa miaka 47, hupandikiza mpunga kwa kibarua kwenye mashamba ya watu. Ekari moja ya kukodi ndiyo inayolisha watu sita nyumbani kwake. Amebakiwa na gunia moja la mpunga. Ndilo mbegu, na ndilo chakula.

Wiki iliyopita wakulima waliitwa kwenye semina, uani mwa mashine ya kukoboa. Mkufunzi, Adrian, kijana wa mradi mmoja wa mazingira, alieleza kuwa jaruba linalojaa maji muda wote hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Aliwashauri waliache likauke kidogo kabla ya kumwagilia tena.

"Niliduwaa," anasema Regina. "Nimekuja kuuliza maji yako wapi, naambiwa nikaushe. Nikamwambia, mwanangu, langu limeshakauka, njoo ulipime."

Adrian anakiri. "Sayansi ni sahihi. Ila somo lile liliandaliwa kwa mtu mwenye maji."

Nyumbani kwa Regina kuna taa moja ya sola na jiko la pumba za mpunga. Safari yake ndefu mwaka jana ilikuwa ya basi, kwa dada yake Ilomba, jijini Mbeya.

Takwimu za kimataifa zinaonyesha kuwa Mtanzania wa kawaida huzalisha takriban robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta na viwanda. Mmarekani huzalisha zaidi ya mara hamsini ya kiasi hicho. Safari moja ya ndege kutoka Tanzania kwenda Ulaya na kurudi, kwa abiria mmoja, hupita tani moja.

Anapotajiwa hilo, Regina anaacha kung'oa miche.

"Mtu mmoja? Kwa kiti kimoja? Halafu semina wakaniletea mimi."

Ameamua. Kitalu chote kitaliwa na ng'ombe wa Veneranda. Leo ataloweka nusu ya gunia, na maji yakifika atamwagilia kwa vipindi kama Adrian alivyofundisha, kwa sababu njia hiyo inatumia maji machache.

"Yasipofika?" anauliza Veneranda.

"Nitakuwa nimemwaga chakula cha wanangu kwenye vumbi," anajibu. "Lakini miche hii nikiipanda, najua sitavuna. Mipya sijui. Nataka mwezi wa pili nikienda kibarua kwenye mashamba ya watu, niwe nimeacha langu limepandwa."