Barua Ambazo Kaka Hakuzifungua

Simu ya hospitali ilinikuta posta, nikiwa mtu wa tatu kwenye foleni, na barua ya kaka yangu mkononi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Daktari aliniuliza kama nimekaa. Nikamwambia nimesimama. Akasema kaka amefariki muda si mrefu, moyo wake ulisimama wakati wakimbadilishia shuka.

"Mama, sogea basi," mtu wa nyuma yangu akasema.

Nikasogea. Nilipofika dirishani nikaituma ile barua. Ilikuwa ya nne kwenda kampuni ya mnada, na zile tatu za kwanza hazikujibiwa. Jana yake, kwa sauti ya kukwaruza, kaka alikuwa ameniambia, "Mdogo wangu, hakikisha wameigonga muhuri, uone kwa macho yako." Basi nikasimama pale mpaka muhuri ukagongwa. Ndipo nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia.

Watu wengi wameniuliza kaka alikuwa akifanya kazi gani hasa, na kwa nini mwisho wake ulikuwa mchungu vile. Naandika nijibu mara moja.

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Alipomaliza shule alipata kazi benki, akawekwa kwenye meza ya hundi, na hapo alikaa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kulinganisha saini iliyo kwenye hundi na ile iliyo kwenye kadi ya mteja. Alikuwa na tabia ya kuzigeuza zote mbili juu chini kabla ya kuzitazama. "Ukiisoma, jina linakudanganya," aliniambia. "Ukiigeuza, unabaki na mkono wa mtu tu." Benki iliponunua mashine ya kufanya kazi hiyo, kaka alipewa saa ya ukutani na cheti cha shukrani, akarudishwa nyumbani. Saini ya mkurugenzi kwenye kile cheti ilikuwa ya kuchapwa. Kaka aliicheka wiki nzima. "Hata kunisainia wameona uvivu!"

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo alihamia kwangu. Nilimpa chumba cha mbele ambacho nilikuwa nikishonea. Cherehani ikaenda sebuleni, na pale dirishani kaka akaweka meza, taa ya kuinama na lenzi yake. Kampuni moja ya minada ya mtandaoni ilikuwa imesikia habari zake. Watu huko huuza vitu vilivyosainiwa na watu mashuhuri: mipira, picha, vitabu, majalada ya santuri, fulana za wachezaji. Na palipo na vitu hivyo, waongo hawakosi. Kampuni ilimletea kaka vitu kwa vifurushi, naye akasema kipi ni halisi na kipi ni cha kughushi. Neno lake liliwekwa mtandaoni chini ya picha ya kitu, na jina lake pembeni.

Mtaani wakamwita Bwana Lenzi. Muuza nyama hakuacha kumtania. "Bwana Lenzi, njoo ukague na hii, wateja wanasema si ya mbuzi!" Naye kaka anainama kweli, anaitazama nyama kwa lenzi, anasema, "Mbuzi ni halisi. Mizani ndiyo ya kughushi."

Alinifundisha kidogo kidogo nikimpelekea chai. Anayeandika jina lake mwenyewe hafikiri. Kalamu inakimbia, inabonyeza hapa, inalegea pale. Mwizi wa saini anakwenda polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wino wake unajaa kwenye kona, mstari unatetemeka, kalamu inanyanyuka mahali ambapo mwenyewe hanyanyui. "Hii imechorwa, haikuandikwa," ndivyo alivyokuwa akisema, na hilo likisemwa, kitu kimekwisha.

Alikuwa na sharti moja ambalo alilishika kuliko kitu kingine. Wauzaji huambatanisha barua: mjomba wangu alikutana naye uwanja wa ndege, mama yangu alikuwa mpishi wake. Kaka hakuzifungua. Alizitupia kwenye boksi la viatu chini ya meza. "Hadithi inaharibu jicho," alisema. "Nikishamhurumia mtu, sioni tena." Kwa miaka saba sharti hilo halikumwangusha, na mimi nilimsifu kwa watu. Mungu anisamehe, nilijivuna.

Siku moja likaja jalada la santuri la mpiga gitaa wa zamani, marehemu, ambaye wazee wote wa rika letu walicheza nyimbo zake harusini. Saini ilikuwa ya kalamu nene. Kaka aliigeuza juu chini, akachukua faili la yule mpiga gitaa lenye saini kumi na nne alizozikusanya, akalinganisha asubuhi nzima. Mstari ulitetemeka. Kalamu ilinyanyuka mara tatu. Herufi zote zililalia nyuma, na mpiga gitaa siku zote alilalia mbele. Kaka akaandika: Si halisi. Imechorwa, haikuandikwa. Barua ya muuzaji ikaingia kwenye boksi.

Kampuni haikuishia kuliondoa jalada lile mnadani. Iliweka tangazo lenye jina la muuzaji na picha yake, kwamba amejaribu kuuza kitu cha kughushi, watu wajihadhari naye. Walisema ni kuonyesha hawana mchezo. Muuzaji alikuwa muuguzi mstaafu, mjane. Picha yake ikazunguka kwenye simu za watu. Wakamwita Nesi Feki. Yote hayo kaka hakuyajua. Yeye alishafungua kifurushi kingine.

Mwaka uliofuata, familia ya mpiga gitaa yenyewe ilileta vitu vyake vya mwisho kupigwa mnada. Humo mlikuwa na kitabu cha nyimbo alichomsainia binti yake miezi miwili kabla ya kufa. Niliingia na chai nikamkuta kaka amesimama, mikono mezani. Saini ilitetemeka. Kalamu ilinyanyuka mara tatu, palepale. Herufi zililalia nyuma.

"Faili langu linaishia miaka mitano kabla hajafa," alisema. "Sikuwa na saini ya ugonjwani hata moja."

Akapiga magoti, akavuta boksi, akapekua barua za miaka mpaka akaipata ile ya muuguzi. Akanipa nisome, macho yake yalikuwa yamejaa. Nakumbuka maneno: "Nilimuuguza wiki zake za mwisho. Mkono wa kulia ulikuwa umepooza, akasaini kwa wa kushoto akiwa amelala, mimi nimemshikia kibao. Alipumzika mara tatu. Alicheka akasema, hili jina limekuwa refu siku hizi."

Barua nzima ilikuwa mistari tisa. Ilikaa chini ya meza mwaka mmoja, hatua moja kutoka mguuni pake.

Tukalitafuta jina la muuguzi kwenye simu yangu, ndipo kaka akaliona lile tangazo. Alimpigia simu meneja wa kampuni saa ileile, akaiweka kwenye spika, mimi nikiwepo.

"Nimekosea," akamwambia. "Lile jalada ni halisi. Ondoeni tangazo, andikeni kwamba nimekosea mimi."

"Mzee wangu," meneja akasema, sauti ya upole kabisa, "tukisema umekosea moja, wateja watauliza umekosea mangapi. Acha hili lipite."

"Kuna mama wa watu pale."

"Ameshasahaulika, mzee. Ukilifufua ndiyo utamuumiza."

Wiki mbili baadaye waliacha kumletea vifurushi. Kwenye ukurasa wao waliandika kwamba wanamshukuru kwa utumishi wake na kwamba macho yake yamechoka. Tangazo la muuguzi waliliacha. Kaka akawa ananiomba niandike masahihisho chini yake kwa simu yangu, anayatamka neno kwa neno, mimi nachapa. Ndani ya saa moja yalikuwa yamefutwa. Nilichapa mara kumi na moja. Mwisho wakanifungia.

Akaandika masahihisho kwa mkono, akavaa koti, akaniomba nimsindikize kwa muuguzi, kwenye anwani ya ile barua. Alitufungulia mlango nusu. Mwanamke mwembamba, kanga begani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Mama, mimi ndiye niliyesema saini ya jalada lako ni ya uongo," kaka akasema. "Nimekuja kusema ilikuwa ya kweli. Nisamehe."

Aliisoma karatasi yote, bila haraka.

"Ile ya kwanza, baba, walisoma watu wangapi?"

"Wengi."

"Hii nimesoma mimi. Na mimi nilikuwa najua." Akamrudishia. "Nilikuwa mweka hazina wa akina mama kanisani. Walinitoa. Hakuna aliyenigombeza, waliniambia tu nipumzike. Kawaonyeshe hao karatasi yako. Kawaonyeshe na wanangu. Barua yangu uliisoma?"

"Sikuisoma."

"Basi," akasema, akafunga mlango.

Kaka hakuwa mtu wa kulia, ila siku ile alishika ukuta wa nyumba ya yule mama. Alikwenda kwa wale akina mama wa kanisa wakamwambia mambo hayo yameshapita. Akaanza kuiandikia kampuni kwa posta, rejista. Presha ikapanda, miguu ikavimba, akalazwa. Nilimwambia Mungu ameshaona toba yake. Akanijibu, "Mungu ameona. Lile tangazo je, si bado lipo?" Mpaka leo ninapoandika, bado lipo. Ninasali kila siku nipate kumsamehe yule meneja, na kila siku nainuka sijamsamehe.

Siku ya mazishi ilipangwa nisome wasifu wa marehemu. Baba mdogo alikuwa ameuandaa: mtaalamu, mwaminifu, mpole. Nikamwambia nitasoma masahihisho badala yake.

"Una wazimu?" akaninong'oneza. "Unamwaibisha marehemu mbele ya jeneza lake!"

"Baba, ndilo neno lake la mwisho."

"Neno la mwisho la mtu ni sala! Ukisoma hiyo, mimi natoka."

Nilisoma. Nilimtaja yule mama kwa majina yake yote matatu, nikasema saini ya jalada lake ilikuwa ya kweli na kaka yangu ndiye aliyekosea, kwa sababu hakufungua barua. Tulikuwa kama watu arobaini kanisani kwetu. Mmoja alikohoa. Baba mdogo alitoka kweli, akasimama nje na kofia mkononi. Nilikuwa nimempelekea muuguzi taarifa ya msiba, kwa maandishi, siku mbili kabla. Niliangalia viti vyote kimoja kimoja. Hakuja. Kampuni haikutuma mtu.

Mchungaji akasali, sala fupi. Tukamchukua kwa gari mpaka makaburini, dakika kama ishirini. Muuza nyama na majirani watatu walibeba jeneza, na baba mdogo akarudi kushika upande wa kichwani. Walilishusha kwa kamba. Nikatupa udongo, wengine wakatupa, wachimbaji wakamaliza kwa sepetu. Tuliimba ubeti mmoja, mvua ikaanza, watu wakaniaga wakaenda magarini. Nilibaki mpaka msalaba ukasimamishwa, nikarudi nyumbani.