Kadi ya Joto na Rangi ya Mgeni Rasmi

Mpaka leo nikiona bati limepakwa rangi mpya ya kijivu, nakasirika. Huenda ni upumbavu, bati halina kosa. Basi niandike nilivyoona, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Ujamaa. Nilikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kukaushia tumbaku, Tabora, upande wa reli. Shule yangu iliishia darasa la nane, mengine niliyapata kwa kutazama na kwa kupigwa shoti. Tumbaku ililetwa na mabehewa kutoka Usoke na kwingineko, tukaipitisha kwenye mashine ndefu iliyopashwa joto na mabomba ya mvuke, ikatoka na unyevu unaotakiwa. Mashine hiyo iliongozwa na kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya kabati la chuma. Tuliiita Ubongo, ingawa ilijua mambo mawili tu: swichi imewaka, swichi imezima. Joto haikulijua.

Joto alilijua mama mmoja, mzaliwa wa Usoke, Mkristo wa Kanisa la Moravian, ambaye wazazi wake walikausha tumbaku tangu hajazaliwa. Alianzia ukumbi wa kuchambulia majani, pamoja na wanawake wenzake, kisha akapewa koki ya mvuke. Alitazama vipimajoto vya kioo, akachomoa jani, akalivunja uti karibu na sikio. "Bado," akasema, akafungua koki nusu mzunguko. Sikuwahi kumwona akikosea. Hapana, nisitie chumvi. Alikosea mara moja, masika ya mvua nyingi, na akasema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Ndipo ikaja ile kadi, kibao chembamba chenye vipande vya umeme. Mtaalamu wa kigeni aliileta ndani ya boksi la mbao, akaichomeka kwenye Ubongo, na siku ya tatu malaria ikamwangusha akaondoka. Simlaumu, nilimwona akitetemeka. Aliniachia kitabu na kazi iliyobaki. Kadi ile ingeufundisha Ubongo kujua kiasi, yaani joto ni nyuzi ngapi. Waya nne zilitoka ndani ya mashine mpaka kwenye kadi, na mishale minne ikaonyesha joto kwenye ubao nje ya ofisi ya meneja.

Kila waya ilivikwa waya nyingine ya kusuka, kama soksi. Soksi hiyo lazima ikazwe kwenye bati tupu la kabati, ili fujo ya umeme wa mota kubwa za feni iishie ardhini isiingie kwenye kadi. Hilo nililijua. Msasa ulikuwa mkononi.

"We fundi, unafanya nini hapo?" meneja akauliza.

"Natoa rangi kidogo, Ndugu Meneja. Hii waya inataka chuma chenyewe."

"Rangi ya juzi! Mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam kuja kufungua kabati hilo hilo. Ukikwaruza hata nukta moja, utakuwa umekwaruza ajira yako."

Kwa haki niseme, alikuwa amepigiwa simu mara nyingi kuhusu ugeni ule, na hata mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Nikakaza soksi zote nne juu ya rangi. Nikajiambia, Jumatatu nitarudi. Jumatatu sikurudi. Nilisahau tu, sikuzuiwa na mtu.

Mgeni akaja, akafungua kabati, tukapiga makofi. Mishale ilitulia kama maji mtungini. Ilitulia kwa sababu feni kubwa zilizimwa ili hotuba isikike.

Feni zilipowashwa, mishale ikaanza kucheza. Meneja akaamuru koki ifuate ubao.

"Ndugu Meneja," mama akasema, "ubao unasema lake na jani linasema lake. Mimi nimelishika jani."

"Ubao umezinduliwa na mgeni rasmi!"

"Basi aje mgeni rasmi afungue koki."

Tulicheka sote, na mimi nilicheka sana. Kicheko kile kilimponza. Mchana huo huo akarudishwa ukumbi wa kuchambulia, na koki akapewa kijana mmoja mtiifu. Feni ikiwaka mshale unashuka, naye anaongeza mvuke. Siku ya tatu tumbaku ikatoka kavu, ukiishika inakuwa unga. Meneja akaandika barua kwamba mama aliharibu koki kabla ya kuondoka, na ndani ya barua akaweka neno hujuma. Wakati ule neno hilo lilitosha kukufikisha polisi. Kikao cha kamati ya wafanyakazi kikapangwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Jumatano nilifungua kabati. Nilikwangua rangi chini ya soksi moja, nikaikaza, nikaomba feni iwashwe. Mshale mmoja ukatulia, mitatu ikaendelea kuruka. Hapo nikajua kila kitu. Nikafunga kabati, nikanyamaza.

Alhamisi nilinyamaza. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili nikanyamaza. Niliogopa lile neno lisije likanihamia mimi, na nina watoto. Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Lakini yeye pia alikuwa na watoto.

Ile Alhamisi nilikwenda ukumbini kubadilisha taa. Wanawake walikuwa wanamrushia maneno.

"Mama Koki, leo hufungui?"

"Mwacheni jamani, atatuhujumu na sisi!"

Hakuinua kichwa. Nami nikapanda ngazi, nikabadilisha taa, nikashuka.

Jumatatu kikaoni nilisimama. Nilieleza rangi, amri ya meneja, usahaulifu wangu, na kwamba nilijua tangu Jumatano. Sijui kama nilieleza vizuri.

"Kwa hiyo fundi anasema nimechoma tumbaku kwa brashi ya rangi?" meneja akauliza. Wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema twende tukaone. Nikakwangua sehemu tatu zilizobaki mbele yao, feni zikawashwa zote, mishale minne ikasimama. Meneja akakohoa. "Vizuri, hitilafu ya kiufundi imepatikana. Mama arudi kwenye koki. Tufunge kikao."

"Na barua?" nikauliza.

"Barua ni ya utawala, si ya mafundi."

Hitilafu ya kiufundi! Nilitoka nimekunja ngumi. Baadaye nilisikia kwamba barua ile iliondolewa kwenye faili, lakini sikuona kwa macho yangu, kwa hiyo siwezi kuapa.

Mama alikuwa mlangoni. Nikamwomba radhi.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

Alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka Jumatatu. "Wale wa kikaoni hawanijui, kwao sikuwa na jina la kuharibika," akasema. "Jina langu limeharibiwa kule." Akaonyesha ukumbi wa kuchambulia. "Nenda kaseme kule. Yote."

Nikaenda, nikapanda juu ya robota la majani, nikaanza kueleza, vumbi la tumbaku likanikata sauti.

"Sauti, fundi!"

"Amemeza koki huyo!"

Nikaanza upya, kwa sauti, na Jumatano nikaitaja mara mbili. Kelele zikapungua. Yule aliyekuwa mkali kuliko wote kwa kejeli akauliza, "Aliyekataza kukwaruza yuko wapi?"

"Ofisini."

"Kamlete. Hapa hapachambuliwi jani mpaka aje."

Nilisimama mlangoni kwa meneja hadi akamaliza simu, nikamwambia. Alisema ana kazi. Nikarudi peke yangu, nikawakuta wamekaa, mikono mapajani. Saa tisa mwenyekiti wa kamati mwenyewe alimfuata meneja ofisini, naye akaja, akasimama kizingitini bila kuingia. "Mama hana kosa," akasema, akageuka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mama hakusikia. Alikuwa tayari kwenye koki, na mashine inanguruma. Nikaenda kumwambia, nikipaza sauti juu ya feni.

"Amesema nini?"

"Amesema huna kosa!"

"Hilo nilikuwa nalijua. Amesema kosa ni la nani?"

Hakusema. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba hakusema. Mama akanitazama, akanigeuzia mgongo, akaendelea na kazi yake. Na mimi nilistahili mgongo ule, lakini haukuwa wangu peke yangu.