Vyuma vya Dirishani kwa Auntie

Chekeni tu, ila msiwaambie watu wa kanisani.

Wiki jana nilipata kazi ya kupaka rangi nyumba ya zamani sana kule mtaa wa Overport, huku ugenini. Mwenye nyumba, mama wa Kihindi ninayemwita Auntie, aliniuliza kama nayajua madirisha yake ya mbao, yale ya kusukuma juu. Nikamjibu, "Auntie, kwetu Bukavu nimetengeneza mengi!" Sijawahi kuona hata moja.

Alipoenda dukani, nikabandua kibao kimoja cha fremu. Ndani iko chuma kizito, kirefu kama mkono wangu, kimefungwa kamba, kinaning'inia gizani. Upande wa pili, kingine! Nani anaficha chuma ndani ya ukuta, kama si mchawi? Maskini Auntie, ndiyo maana magoti yanamuuma!

Nikampigia pasta wetu. Akafika mbio na chupa ya mafuta. Tukaomba, tukakemea, tukabandua vibao vya madirisha yote manne, nikakata kamba zote kwa jina la Yesu. Vyuma vinane tukavipanga barazani, vinang'aa mafuta.

Auntie akarudi. "Auntie, leo umefunguliwa!" nikamwambia.

Akavitazama vyuma, akanitazama mimi, akaenda kuinua dirisha. Alipoliachia, likaanguka pah! Akajaribu la pili. Pah!

"Vyuma hivyo ndivyo vinavyoyashikilia madirisha juu," akasema polepole. "Si ulitengeneza mengi Bukavu?"

Nikamgeukia pasta anitetee. Alikuwa anafunga chupa yake.

"Auntie," akasema, "huyu hata kanisani kwetu hasali."