Yorgos Aliyejisomea Tanzia Yake

Siku yangu ya kwanza kwenye gazeti la kila siku la Wagiriki wa Stockholm, Msimamizi wa Mtambo alinitazama juu hadi chini. "Kigiriki unajua?"

"Hata herufi moja sijui, bwana mkubwa. Lakini nina stashahada ya uchapaji, na ukurasa uliopinda nitauona kabla yako."

Kabla juma halijaisha nilikabidhiwa mabamba. Bamba ni karatasi ya aluminiamu inayobeba sura ya ukurasa. Ukilipaka wino, unashika kwenye maandishi tu. Nyinyi vijana wa kompyuta hamtaijua raha ya kulifunga bamba likakaa sawa mara ya kwanza. Sikubebwa na mtu. Nilitoka Nyeri na begi moja, nikaja kuwa Msimamizi mwenyewe.

Alfajiri moja dereva wetu, Yorgos, alikuja kuchukua mafurushi. Alifungua nakala kwenye ukurasa wa tanzia, kama kawaida yake. Kisha akanigeuzia gazeti. Ndani ya fremu nyeusi ilikuwa sura yake, pamoja na masharubu yake.

"Ndugu yangu," akasema, "nimekufa lini?"

Akanisomea maneno yaliyo chini ya picha. Aliyekufa alikuwa binamu yake. Wagiriki, kama sisi Wakikuyu, humpa mjukuu jina la babu, kwa hiyo binamu hao wawili walikuwa na jina moja hadi la ukoo. Mtunza picha alikuwa ametoa kabatini sura ya Yorgos. Nikabonyeza kitufe chekundu, mtambo ukasimama.

Mhariri Mkuu alitoka mbio. "Nani amesimamisha gazeti langu?"

"Marehemu," nikamjibu, nikimwonyesha Yorgos.

Lakini Yorgos hakucheka. "Mama!" alipiga kelele. Gari la mwenzake lilikuwa limeshaondoka na magazeti kwenda Farsta, mtaa wa mama yake, naye mama alizoea kusoma gazeti kabla ya kunywa kahawa.

Tulikwenda mbio kwake, tukamkuta amesimama mlangoni, gazeti mkononi, miwani sakafuni. Alimpapasa mwanawe uso mzima, kisha akamzaba kofi. "Usirudie tena!"

Tangu siku hiyo Yorgos alimpelekea gazeti kwa mkono wake, hadi mama alipofariki.

Wasomaji walizeeka, watoto wao wakasoma Kiswidi. Mtambo ukauzwa, gazeti likabaki la mtandaoni. Mimi nikastaafu, nikarudi Nyeri, nikajenga nyumba ya mawe. Stashahada yangu iko sebuleni, hakuna mgeni asiyeiona. Kila asubuhi nalifungua gazeti lile kwenye simu, na kurasa zilizopinda bado naziona.

Mwezi uliopita nikaona fremu nyeusi, jina lile, masharubu yale. Nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni. Wamekosea tena! Nikampigia Yorgos simu. "Marehemu, umekufa tena?"

Kumbe aliyepokea ni binti yake. Akasema kwa Kiswidi, polepole, "Safari hii picha ni yake."

Tanzia nimechapa maisha yangu yote. Hata hivyo, mkono wangu ulinyooka wenyewe juu ya meza, ukitafuta kitufe chekundu.