Bili ya Simu kwa Jina la Binti

Kwa miaka mitatu hivi, kuanzia 2016, nililipwa mshahara wa kuwaeleza Waingereza kwa nini hawawezi kutoa fedha zao. Kwenye mkataba niliitwa mhudumu wa wateja, lakini siku nyingi kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Ofisi ilikuwa Braamfontein, si mbali na Soweto, ghorofa ya nne. Kasino haikuwa na jengo. Ilikuwa ndani ya simu za watu huko Uingereza. Walicheza kwa vidole vyao, wakikwama walibonyeza kitufe cha msaada, na dirisha la chati, la kuandikiana ujumbe, likafunguka kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa na jina la kazi, la Kiingereza kabisa, nililopewa siku ya kwanza pamoja na kadi ya mlangoni. Hakuna mchezaji aliyejua kwamba anajibiwa na mwanamke aliyezaliwa Morogoro na kuishi Yeoville.

Waliuliza mambo yaleyale. Kubwa lilikuwa bonasi. Kampuni inakupa pauni hamsini, nawe unafurahi ukidhani ni zako. Si zako. Lazima uzichezee mara thelathini na tano, yaani uwe umeweka madau ya jumla ya pauni elfu moja mia saba na hamsini, ndipo kinachobaki, kama kimebaki, uweze kukitoa. Na wakati unazichezea usiweke dau la zaidi ya pauni tano kwa mara moja. Ukisahau mara moja tu, umejifutia kila kitu. Nilikuwa nikiandika maelezo hayo mara ishirini kwa siku, na kila mara nilijiuliza ni nani mwenye roho ngumu kiasi hicho aliyekaa akayatunga.

Yule mzee alikuja kwenye chati yangu mwezi Novemba, mwaka wangu wa pili. Alikuwa dereva wa basi mstaafu, mjane, kaskazini ya Uingereza. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa "mpenzi". Nilikasirika. Nikamgeukia mwenzangu wa meza ya pili nikamwambia huyu babu ananitongoza saa nne asubuhi. Mwenzangu akacheka, akanieleza kwamba upande ule wa Uingereza kila mtu ni mpenzi, hata muuza samaki. Basi nikawa mpenzi.

Alitaka kuweka pauni kumi kwa bili ya simu. Njia hiyo ilikuwa rahisi: unaandika namba yako, unajibu ujumbe mmoja, na zile pauni zinaongezwa kwenye bili yako ya mwisho wa mwezi. Wazee waliipenda kwa sababu hawakuamini kuandika namba za kadi ya benki kwenye simu. Lakini kabla ya kuthibitisha aliniuliza swali. Nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye nililisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda.

"Mkataba wa simu hii upo kwa jina la binti yangu. Yeye analipa bili, mimi namrudishia taslimu. Kuna ubaya wowote, mpenzi?"

Nikamjibu: "Hakuna ubaya, mradi binti yako anajua."

Akaandika: "Anajua."

Nami nikaenda kwa mteja mwingine.

Sitaki kusema kwamba sikufundishwa. Nilifundishwa. Kwenye wiki ya mafunzo tulisomewa kwamba njia ya malipo lazima iwe kwa jina la mchezaji mwenyewe, iwe kadi, iwe simu, na nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku. Lakini jambo unaloweka alama ya vema ni moja, na jambo unaloishi nalo ni jingine. Jengo la Yeoville nilimoishi na mume wangu lilikuwa na watu wanne waliopokea fedha zao kwenye akaunti yangu ya benki. Baba yangu ni wa hapa, alirudi kutoka ukimbizini na mama yangu Mtanzania na watoto, kwa hiyo mimi nina kitambulisho cha kudumu. Wenzangu walikuwa na karatasi za hifadhi ya wakimbizi, na kila zilipokaribia kuisha benki iliwafungia. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, alikuwa akiwapa wateja wake namba ya akaunti yangu bila hata kufikiri. Ijumaa nilitoa fedha zake nikampelekea. Jina langu lilikuwa kama ngazi ya jengo, kila mtu alipanda. Kwa hiyo mtu aliponiambia simu ni ya binti yake, sikuona swali hapo. Niliona familia.

Mzee alichukua bonasi ya pauni kumi, nami nikamtembeza kwenye masharti yote. Alicheza kwa peni ishirini ishirini, kwa siku tatu, akirudi kila mara kuuliza amebakiza kiasi gani. Siku ya tatu mashine ya mchezo ikamwangukia kwa ushindi. Pauni elfu moja na mia tisa. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, na mimi nikapiga kelele mezani hadi msimamizi akainua kichwa. Akaniambia fedha hizo ni za boila. Boila yake ya kupashia nyumba joto ilikuwa imekufa tangu Oktoba, na alikuwa anakaa sebuleni na koti na kofia. Nikamuuliza kwa nini asimwambie binti yake. Akasema binti ana mambo yake.

Wiki iliyofuata idara ya uthibitisho ilimwomba pasipoti na bili ya simu. Alituma vyote kwa uaminifu wake wote. Jina la kwenye bili halikuwa lake. Jibu likatoka: malipo yamefanywa kwa njia ya mtu mwingine, ushindi umefutwa, pauni kumi zitarejeshwa.

Siku hiyo chati yake haikuja kwangu, ilimwangukia mwenzangu wa meza ya pili. Nilimsikia akisoma kwa sauti. "Eti mliniambia ni sawa," alisema. "Wote husema hivyo. Eish, hawa watu." Akambandikia kanuni, akafunga.

Nilikwenda chooni nikakaa juu ya kifuniko. Niliporudi nilifungua kumbukumbu za chati za Novemba, na maneno yangu yalikuwa pale, na jina langu la kazi juu yake. Hakuna mtu angeyatazama bila kuombwa, na yule mzee hakujua kwamba anaweza kuomba. Nikikaa kimya, ilikuwa imekwisha. Nikisema, nilijua wahudumu waliofukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Na mshahara wangu ukikatika, si mimi tu. Kodi ya nyumba ya mama ilitoka humo.

Nikakaa kimya siku nne. Naona aibu kuiandika hiyo nne, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwetu Desemba ni joto, mvua za radi za alasiri, watu wako nje na vikaptula, na mimi nilikuwa nafungua tovuti ya hali ya hewa ya mji wa yule mzee. Nyuzi mbili. Nyuzi moja. Usiku chini ya sifuri.

Ijumaa nilimpelekea fundi fedha zake. Alikuwa anapinda suruali ya mtu, miwani kwenye ncha ya pua. Alinitazama mara moja akasema, "Mama, leo uko na sura mubaya. Kazi?"

Nikamweleza yote, kuanzia mpenzi hadi boila. Nilitegemea atanihurumia, nasema kweli. Nilitegemea aseme wazungu na sheria zao. Akashusha miguu kutoka kwenye pedali ya cherehani.

"Ule binti, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza baba yake. Akasema anajua."

"Hapana, mama. Mwenye jina njo wa kuuliza." Akaniwekea kidole kifuani kwa mbali, bila kunigusa. "Mimi, siku ya kwanza, nilikuja kwako. Nilikaa pale kwa kiti yako, nikakuuliza weye, na bwana yako akiwa anasikia. Sikutuma mtu aseme mama anajua. Njo maana tunalala muzuri."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimejivika huruma nzima nzima, nikaichukia kanuni ya kampuni, na kumbe hata kwa kanuni zetu wenyewe za pale jengoni nilikuwa nimekosea. Nilichukua neno la baba nikaliweka mdomoni mwa binti. Nilikasirika, na hasira za mtu anayejua amekosea hazina pa kwenda, kwa hiyo nikamkasirikia fundi. Nikamwambia kwako wewe ni rahisi kusema.

"Ni rahisi," akakubali. "Lakini muzee wa watu asibaki na baridi sababu ya mudomo yako."

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi wetu, mama wa Soweto aliyenizidi miaka kumi, mkali wa saa na mpole wa mengine. Nilimwekea chati mbele yake. Alisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Kwa nini hukunyamaza tu?" aliniuliza. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua.

"Nimejaribu," nikamwambia. "Nimeshindwa."

"Eish, dadangu." Akafunga mlango. "Unajua lazima nipeleke juu."

Akapeleka. Huko juu waliogopa kuliko nilivyotarajia. Uingereza ina mamlaka inayosimamia michezo ya kamari, na alichoandika mhudumu kwenye chati huhesabiwa ni neno la kampuni. Wakaamua mzee alipwe, kwa masharti mawili: binti alete barua yenye saini yake kwamba anaridhia malipo yale, na akaunti ya mzee ifungwe moja kwa moja. Mimi nikaitwa kwenye kikao. Kulikuwa na wanaume wawili wenye fulana za aina moja, na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mmoja akaniuliza nilikuwa nafikiri nini nilipomjibu vile mteja. Nikasema nilifikiri kama ninavyoishi. Akaandika kitu. Nilipewa onyo la mwisho la maandishi na kukatwa marupurupu ya miezi mitatu. Nilitoka nje nikalia pembeni ya roboti, zile taa za kuongozea magari, zikawa nyekundu na kijani mara sijui ngapi, na mwanamke mmoja muuza mahindi akanipa kiti chake bila kuniuliza lolote. Nililia kwa sababu sikufukuzwa. Sikujua kwamba nilikuwa nimeogopa kiasi kile.

Barua ya binti ilifika baada ya siku sita. Fedha zikaenda. Akaunti ikafungwa.

Nilidhani ndiyo mwisho. Katikati ya Januari, mchana, likafunguka dirisha la mgeni. Mtu asiye na akaunti aliruhusiwa kuuliza maswali kabla ya kujisajili, lakini mfumo ulimpa dakika tano tu, kisha ulimkata. Alikuwa ameandika: "Uko hapo, mpenzi?" na jina langu la kazi.

Nikamwambia nipo.

Boila imewekwa, aliandika. Fundi wa boila alikuja Jumanne, kijana mzuri. Sasa anakaa sebuleni na shati. Nikamwambia nimefurahi sana, na nilikuwa nimefurahi kweli, nilikuwa natabasamu mbele ya kioo kile kama mjinga. Kwa kuwa saa ya chati ilikuwa inahesabu pembeni, nikamuuliza kama alikuwa na swali.

Hakuwa na swali. Nikaona ile alama ya kwamba anaandika, inawaka, inazima, inawaka.

"Zile pauni kumi," akaandika, "nilikuwa naziweka ili niwe na kitu cha kuwauliza. Mchana ni mrefu. Nyinyi mlikuwa mnajibu."

Nilikumbuka zile siku tatu za Novemba, akirudi na kurudi kuuliza amebakiza kiasi gani, wakati hesabu ilikuwa imeandikwa kwenye skrini yake mwenyewe. Mimi nilimwona mzee asiyejua simu. Nilimwonea huruma ya aina isiyo yake, na kwa kusema ukweli wangu nilikuwa nimempatia joto na kumfungia mlango.

Nikamuuliza kuhusu binti. Mzee akajibu kwamba binti alituma ile barua yake kwa posta. Saini tu. Hawajaongea tangu hapo. Binti hakuwa anajua kwamba bili yake ya simu inatumika kwenye kasino. Yeye mzee ndiye aliyedanganya, na anaomba radhi.

Zilibaki dakika mbili. Kanuni zilisema nisizungumzie mambo ya familia za wateja, na onyo langu la mwisho lilikuwa bado bichi. Nikaandika: "Mpigie."

"Nimpigie nimwambie nini?"

Nikawaza boila, nikawaza bili, nikawaza msamaha. Vyote vilikuwa vizito kwa mtu aliyezoea kulipa pauni kumi apate sababu ya kusema. Mimi mama yangu humpigia kila jioni, na tukishaulizana umeshindaje na umekula nini hatuna jingine, tunakata.

"Usimwambie kitu," nikaandika. "Msalimie tu."

Alama ikawaka. Ikazima. Ikawaka.

"Kumsalimia tu?" akauliza. "Hilo linaruhusiwa?"

Niliandika ndiyo, nikabonyeza, na dirisha likafungwa kabla sijaona kama jibu limemfikia.