Bodi, Bibi Harusi na Mlango wa Jikoni

Nilikuwa mjumbe wa bodi inayosimamia ukumbi wa mji wetu wa Kolwezi, pamoja na bwawa la kuogelea lililo pembeni yake. Kazi yenyewe haina faida, ina maneno tu. Sheria ya jimbo iliyotuunda inasema mikutano mikubwa ilipie ukumbi, na malipo hayo yatunze bwawa ili watoto wa mji mzima waogelee. Naipenda sheria hiyo. Kuna ibara moja tu inayonichefua: serikali ikiuhitaji ukumbi, aliyetangulia kuuomba apishe, na bodi impe nafasi inayolingana.

Safari hiyo aliyetakiwa kupisha alikuwa mama mjane, muuza samaki wa chumvi, aliyekuwa akimwoza binti yake Jumamosi. Jamaa wa bwana harusi walikuwa wameshatoka mbali, Musumba, na kwa ubovu wa barabara ile huwezi kumwambia mtu arudi, aje wiki nyingine. Serikali ilitaka kongamano la shaba na kobalti siku hiyohiyo.

Mwenyekiti wetu, mtu wa tai nzuri na haraka nyingi, akampa mama ukumbi mdogo wa nyuma. Viti vipo, umeme upo.

"Inalingana," akasema.

Mama akauliza mlango uko wapi. Tukamwonyesha: watu hupitia jikoni.

"Sale ya kidogo mi sikatae, tata," akasema juu ya ukumbi ule. "Lakini bwana yangu alikuwa anabebaka makasha ya bia hapa, wakati sale ilikuwa ya bakubwa ba mine ya shaba peke yabo. Aliingiaka ku mulango ya jikoni mpaka alikufa. Mutoto yake naye aingilie palepale, siku ya ndoa yake?"

Hasira zikanipanda. Nikasema usawa haupimwi kwa viti. Mwenyekiti akajibu kwamba sheria haisemi lolote juu ya milango. Basi haikatazi, nikamwambia. Tukapiga kura, akashindwa: wanakongamano wakienda kula nje, msafara wa harusi utaingilia mlango mkubwa, utakatiza ukumbi, kisha utaingia ukumbi mdogo kwa mlango wa ndani. Mwenyekiti akanuna hadi Jumamosi.

Lakini sote tulisahau jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua. Bibi harusi wa kwetu hatembei, anachezeshwa. Hatua mbili mbele, moja nyuma, shangazi wakimpepea kwa vitambaa, na ngoma ikimpendeza mtu anarudi kuanza upya. Sisi tulimpangia saa ya chakula cha mchana, kana kwamba anakwenda kupanda basi.

Wanakongamano walimaliza kula, wakataka kurudi ukumbini. Bibi harusi alikuwa bado katikati ya ukumbi, na mkia wa msafara ulikuwa umejaa mlangoni hadi barazani. Mwenyekiti alinifuata akitokwa jasho.

"Baambie bakimbizeko kidogo," akaniomba.

Nikamwambia akawaambie mwenyewe. Alikwenda kweli, maskini. Shangazi mmoja akamshika mkono, akamtia mstarini, naye akaanza kucheza, tena vizuri.

Mlinzi wa mlangoni hakuwa na la kufanya. Aliwapitisha wakubwa wa kongamano kwenye njia pekee iliyobaki. Nikawaona wakipita jikoni mmoja mmoja, suti zao wamezikusanya kwa mikono zisiguse masufuria ya mboga ya sombe, wakiwaomba radhi wapishi. Nilicheka waziwazi, na sijutii.

Mama alikuwa wa mwisho kabisa. Alipofika kwenye mlango mkubwa hakucheza. Alisimama kizingitini, akaushika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaunyoosha kando, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Tuingie sasa, baba ya batoto," akasema taratibu.

Akasogea kidogo kumpisha, kisha akaingia.