Paka Aliyekatazwa Dagaa

Paka wangu ni dume mweusi, sikio moja limechanika. Simpakati wala simlazi kitandani. Nilimchukua kwa sababu ya panya, maana magunia ya mpunga ninaoletewa kutoka Magu yalikuwa yanatobolewa kila wiki. Alipokuja, panya wakahama. Chakula chake kikawa dagaa, kwa sababu hapa Mkolani nauza dagaa wakavu na nyumba nzima inanuka dagaa.

Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa kwenye karai lake la mchanga, analia, mkojo hautoki. Nikamtia kwenye kikapu, nikafunga kitenge juu, nikaenda kwa daktari wa mifugo. Kwenye foleni kulikuwa na mzee mwenye mbuzi.

"Na paka naye anatibiwa? Si umtupe tu, uchukue mwingine?"

"Na wewe huyo mbuzi si ungemchinja ukala?"

Akacheka, akanisogezea benchi.

Daktari ni binti mdogo, wa umri wa wajukuu zangu. Aliniamkia, akambonyeza paka tumbo, akasema kibofu kimejaa, njia imeziba kwa vitu kama mchanga. Akamchoma sindano ya usingizi, akaingiza mpira mwembamba, mkojo ukatoka na damu.

"Bibi, dagaa basi. Mpe kuku wa kuchemsha, bila chumvi, na maji mengi."

Nikatii. Dagaa nikawafungia stoo. Haukupita mwezi, akaziba tena. Nikarudi na kikapu. Akaziba mara ya tatu. Siku hiyo yule binti hakuwa na utani.

"Bibi, anakula dagaa?"

"Hali."

"Basi kuna mtu anampa. Tukiendelea hivi figo zitakufa, naye atakufa."

Nilijua ni nani. Jirani yangu, mjane kama mimi, mtu wa Bukoba. Paka hatoki kwangu ila kwenda kwake. Nikapitia mlangoni kwake, kikapu mkononi.

"Dada, unamlisha paka wangu dagaa."

"Mimi? Dagaa wako nikija kununua huniongezi hata kiganja, leo nimpe paka?"

"Kama si wewe ni nani?"

"Jiulize mwenyewe."

Nikamwambia asinisemeshe tena. Siku nne hatukusalimiana, na uzio wetu ni michongoma tu.

Siku ya tano nilimrudisha paka akaangaliwe. Safari hii daktari aliuliza vingine.

"Niambie kila kitu anachokula tangu asubuhi."

"Asubuhi kuku. Mchana ugali kidogo."

"Ugali na nini?"

"Na mchuzi."

"Mchuzi wa nini, bibi?"

"Wa dagaa. Lakini nachuja, mwanangu. Hakuna hata jicho la dagaa."

Akaweka kalamu chini. "Una chumvi?"

"Mchuzi utakuwaje bila chumvi?"

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akanieleza taratibu kwamba kile alichomkataza paka chote kimo kwenye huo mchuzi, kuchuja hakusaidii kitu. Mimi nilijua nimekatazwa dagaa, na dagaa sikumpa. Niliona tu kwamba mnyama anayefanya kazi hawezi kushiba kuku bila ugali, na ugali mkavu haushuki.

Kuomba radhi sikuzoea. Wanangu hawajawahi kunisikia. Lakini nilikwenda. Jirani alikuwa uani anamenya ndizi.

"Ni mimi," nikasema.

"Nakuona kwamba ni wewe."

"Niliyekuwa nampa. Nilikuwa nampa mchuzi wa dagaa. Nimekukosea."

Akaniangalia, kisha akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Kwa hiyo mwizi umemkamata?"

"Nimemkamata."

"Haya, mlete hapa amenye ndizi."

Nikakaa, nikamenya.

Daktari amesema anaweza kuziba tena wakati wowote, hata nikifanya yote. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, naenda kwenye karai nachokonoa mchanga kwa kijiti kuona kama una unyevu. Jirani akinisikia natoka, hata salamu haanzi nayo. Anauliza kutoka ng'ambo ya michongoma:

"Amekojoa?"

"Amekojoa."

Hapo ndipo tunaulizana tumeamkaje.